Nyama ya Baga Haikandwi Kama Unga

Nyie vijana mnaniudhi, na leo nitawaambia. Juzi Mwajuma, binti wa jirani yangu hapa Temeke, kaja na simu yake mbio mbio. "Bibi, shikamoo, hebu tazama, baga ya Kiitaliano ya kutengeneza nyumbani." Nikavaa miwani nikatazama. Kijana mmoja kavaa glavu nyeusi, nyama ya kusaga kaichanganya na mayai mawili, unga wa ngano, viungo vya pilau na kile kitunguu saumu cha unga cha kopo. Akaikanda. Akaikanda mpaka mabega yakaniuma mie niliyekaa kwenye kiti. Kisha akaipaka mayonesi na tomato sosi, akabandika soseji juu, akachomeka kijiti chenye kibendera. Uitaliano wote wa baga ile ulikuwa kwenye kibendera.

Mwajuma ananiuliza, "Tamu eh, bibi?" Nikamrudishia simu yake nikaingia ndani, maana ningesema maneno ambayo mama yake angekuja kuniuliza.

Mie ndiye Bi Rehema. Nimezaliwa Temeke na nimezeekea Temeke, na hapo katikati nimekaanga baga miaka ishirini na saba kwenye mkahawa wa mama mmoja wa Kiitaliano, upande wa pili wa mji, karibu na bahari. Tulimwita Sinyora. Mkahawa umeshafungwa, Sinyora karudi kwao, na mie magoti yamenikataza kusimama. Lakini pua bado ninayo, na mdomo pia.

Kabla ya hapo nilikuwaga nauza vitumbua na maharage Kurasini, kwa vibarua wa bandarini. Nilijiona najua kila kitu cha jikoni. Siku ya kwanza Sinyora kaniwekea beseni la nyama mbele, akaniambia nimtengenezee baga moja aone mkono wangu. Nikafanya kama yule kijana wenu wa glavu. Nikatia yai, nikatia mkate uliolowekwa, nikakanda kama unga wa chapati, nikiamini nampendeza kwa bidii. Nikaikaanga, na kila ikipanda naigandamiza kwa mwiko hadi inalia mafuta. Sinyora akaikata kwa kisu. Akanitazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha.

"Rehema, hii kiatu. Kula."

Akasimama hapo hapo hadi nikamaliza. Taya ziliniuma siku mbili. Nilimchukia, siwafichi. Nikasema moyoni, huyu mama kazidi, chakula changu wanakula watu wanaobeba magunia na hawajawahi kulalamika.

Aliyenifundisha hasa si Sinyora, ni Mzee Kondo, mpishi wa kwenye moto, mtu mwembamba wa Mtoni aliyekuwa anaongea kama maneno yanauzwa. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba nyama ya baga haikandwi. Unaikusanya tu, kama unavyokusanya nguo zilizokauka kabla mvua haijafika, ukiiminya sana inakuwa mpira. Chukua kidari, na mwambie mwenye bucha asitoe mafuta. Nyie mnaomba nyama nyekundu tupu halafu mnashangaa baga kavu! Isagwe mara moja tu, tena kwa tundu pana. Ikifika nyumbani iingie kwenye friji ipoe sawasawa, ndipo utengeneze viduara, na kila kiduara ukibonyeze katikati kwa kidole gumba kisije kikavimba kama andazi. Yai la nini? Unga wa nini? Chumvi nayo usiichanganye ndani, inyunyize juu wakati kikaango kimeshashika moto, kikaango kizito cha chuma, siyo hivyo vyepesi mnavyonunua kwa sababu vina rangi ya waridi. Ukishaiweka, iache. Igeuze mara moja. Mwiko wako usiigandamize, maana ule mlio unaoupenda ni utamu unakimbia.

Na Uitaliano wenyewe hauko mbali. Siku niliyomwona Sinyora anachuma majani akayatupa kwenye sosi, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mrehani! Ule ule tunaoufunga kwenye kikuba cha bibi harusi, yeye anaulia nyama. Nikamwambia, "Sinyora, hii ya kunukia, siyo ya kula." Akaniwekea kijiko mdomoni. Tangu siku hiyo nikinusa kikuba harusini nasikia njaa.

Nyanya zilizoiva, zichemke taratibu na kitunguu saumu kibichi, mafuta ya zeituni na chumvi hadi zikauke ziwe nzito, na mrehani uingie ukishazima moto. Hiyo ndiyo sosi. Vitunguu maji vikaangwe moto mdogo hadi vilegee, vipate siki na sukari kidogo. Jibini laini ile inayotoka huko kwenye baridi, Iringa na Njombe, iwekwe juu ya nyama ikiwa bado motoni, ufunike nusu dakika. Mkate uupasue, uupake mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, uuchome upande wa ndani. Basi. Hayo yote yapo Temeke sokoni isipokuwa jibini na zeituni, na hayo mawili yapo dukani. Hakuna haja ya kibendera.

Wapo wanaosema nyama iwe nyekundu katikati, eti ndiyo ustaarabu. Waacheni. Nyama ya kusaga ya bucha zetu, kwa joto letu hili, ipikwe hadi ndani, tena inuswe kabla. Hili sisemi kwa kubahatisha. Nina sababu, na sababu yenyewe ni aibu yangu.

Mwaka wangu wa nne au wa tano pale mkahawani, umeme ulikatika tangu alfajiri na jenereta likagoma. Mzee Kondo alikuwa hayupo, kaenda kuzika. Saa sita mchana watu wamejaa, nikafungua friji, nikanusa nyama. Haikuwa imeoza. Ilikuwa na harufu ndogo tu, ya mbali, kama kitambaa kilichokaa na maji. Ningeweza kumwambia Sinyora leo hakuna baga. Badala yake nikaongeza kitunguu saumu na pilipili manga, nikapika.

Kesho yake habari ikaja kwamba mtoto wa kike wa miaka sita aliyekula pale kalazwa, anatapika na kuharisha. Mzee Kondo akaniita nyuma, kwenye madebe ya mafuta.

"Nani alinusa nyama jana?"

"Mie."

"Ilinukaje?"

"Kidogo tu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaongeza kitunguu saumu."

Hakunifokea. Alivua aproni yake akaniambia nivue na yangu, tukaenda hospitali. Njiani nikanunua machungwa. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kitandani, kamshika mwanawe mkono wenye dripu. Alinipokea vizuri, akashukuru kwa machungwa, akasema mkahawa wenu una watu waungwana. Mzee Kondo akaninong'oneza, "Mwambie." Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nyama niliinusa, nikajua, nikaipika. Yule mama hakupiga kelele. Alinyanyuka, akachukua mfuko wa machungwa, akautoa nje akauweka sakafuni kwenye korido, akarudi kukaa na mwanawe. Mtoto alipona, nashukuru Mungu. Lakini mfuko ule nauona hadi leo. Baada ya hapo sikuwahi kupika nyama bila kuinusa, na sikuwahi tena kuibishia pua yangu.

Sasa ndiyo nifike kwenye lililonifanya nikae niwaandikie haya.

Nina mtoto mmoja, Abdul. Ana kazi nzuri, yuko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao iko hatua chache kutoka pale nilipokuwa nauzia vitumbua. Kajenga Mbweni, nyumba ya vigae vyeupe hadi unaogopa kuvaa ndala. Mwaka huu alipanda cheo, akamwalika bosi wake na wenzake chakula cha mchana nyumbani, na mkewe Salma akaniletea gari nami nihudhurie. Nilivaa kanga yangu mpya. Nilijua mwanangu anataka nimwombee dua mbele za watu.

Kumbe kakodi mpishi. Kijana anaitwa Denis, aproni nyeusi, ndevu zimechongwa. Salma akaniambia kwa furaha, "Mama, leo tunakula baga za Kiitaliano, kama zile za kwako!" Nikamuuliza kwa nini basi hawakuniita mie nipike. Akainama. "Abdul alisema upumzike, mama."

Nikakaa sebuleni na juisi yangu. Nikavumilia. Lakini jikoni kulikuwa na mlango wazi, na upepo ulikuwa unavuta upande wangu. Nikasikia kitunguu saumu kingi mno. Nyie mnajua kitunguu saumu kingi kinaniambia nini. Nikaweka juisi chini nikaingia.

Nyama ilikuwa kwenye beseni la plastiki juu ya meza, hapana barafu wala kifuniko, jua la dirishani linaipiga. Nikainama.

"Mwanangu, nyama hii umeisaga lini?"

"Shikamoo bi mkubwa. Jana jioni, ili spaisi ziingie."

"Ikalala wapi?"

"Kwenye friji. Asubuhi nikaja nayo." Akasita kidogo. "Kulikuwa na foleni."

"Kwenye buti la gari?"

Akafuta mikono kwenye aproni. Nikamwambia inanuka. Akatabasamu lile tabasamu mnalotupa sie wazee. "Ni aroma ya spaisi hiyo, bi mkubwa. Hii ni gomei, siyo chakula cha kawaida." Hilo neno sikulijua, nikamwomba alirudie. Akasema maana yake ni chakula cha watu wanaojua kula.

Damu ikanichemka. Nikachukua kikaango chake, nikatoa kipande cha nyama kidogo kama kokwa la embe, nikakikaanga bila kuongeza chochote, nikakiweka kwenye sahani mbele yake.

"Kula."

Akakishika. Akakinusa. Akakaa nacho mkononi, na tabasamu likaondoka taratibu. Hakula. Akakirudisha kwenye sahani akasema kwa sauti ndogo, "Bi mkubwa, wageni wanafika saa saba."

Hapo ndipo nilipompenda kidogo yule kijana, kwa sababu hakubishana tena. Nikamwambia amwage ile nyama yote, achemshe nyanya kama nitakavyomwelekeza, na afiche kopo lake la unga wa kitunguu saumu nisilione. Mie na Salma tukatoka na gari hadi bucha ya njia panda. Nikamwambia mwenye bucha aifungue mashine aioshe mbele yangu. Akaguna. Nikamwambia, "Guna, lakini osha." Salma alikuwa anacheka huku kajiziba mdomo na mtandio.

Saa saba kasoro nikawa nimesimama mbele ya jiko la mwanangu, kanga mpya nimeifunga kibwebwe. Magoti yalikuwa yananiambia niketi lakini mikono ilikuwa imefurahi. Denis anachoma mikate, Salma anachambua mrehani kutoka kwenye chungu cha jirani, mie nyama zangu kumi na mbili zimetulia kwenye chuma zinaanza kubadilika rangi pembeni. Ndipo Abdul akaingia. Shati jeupe, manukato.

"Mama! Unafanya nini? Wageni wako getini."

"Napika."

"Kuna mtu nimemlipa apike. Mama, tafadhali, toka jikoni, kakae."

"Nitoke niende wapi na nyama iko motoni?"

Salma akaanza kumweleza habari ya nyama mbovu, lakini hakumsikiliza. Alitazama kibwebwe changu, akatazama jasho langu, akasema, "Basi usije kule nje ukiwa hivyo." Akafunga mlango wa jikoni.

Mlango aliufunga, dirisha hakulifunga. Nikamsikia anawapokea watu barazani. Bosi wake, Bwana Lyimo, mtu mzima mwenye sauti ya upole ya Kichaga, akauliza, "Na mama yuko wapi? Tumesikia mama yupo, tumsalimie." Mwanangu akajibu, "Mama kapumzika ndani, hajisikii vizuri. Unajua alifanya kazi sana, alikuwa kwenye utawala wa hoteli miaka mingi."

Utawala wa hoteli.

Nyama zilitaka kugeuzwa, nikazigeuza. Salma alikuwa amesimama na mrehani mkononi, hanitazami. Denis akaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikaweka jibini. Nikafunika. Nikahesabu hadi thelathini. Hakuna baga niliyoharibu siku ile, hata moja, na mpaka leo najiuliza mikono ile ilikuwa ya nani.

Zikatoka. Nikasikia ukimya ule wa watu wanaokula kitu kizuri, ukimya ambao nimeusubiri nyuma ya dirisha maisha yangu yote ya kazi. Kisha Bwana Lyimo, "Jamani! Hii baga nimekula wapi mie? Shefu, njoo hapa nikupe mkono."

Denis akatoka. Nikamsikia anasema, "Mzee, asante, lakini siyo mimi..."

"Shefu," Abdul akamkatiza, "leta juisi, braza, watu wana kiu."

Nikazima jiko. Nikavua kibwebwe, nikachukua mkoba wangu, nikapita mlango wa nyuma. Salma akanikimbilia hadi nje akiniomba nisiondoke, analia. Nikamwambia wewe huna kosa, rudi kwa wageni wako. Nikachukua bajaji. Tulipofika Mwenge dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia endesha.

Nawauliza nyie, nilikosa nini? Kazi ile haikuwa wizi. Mikono hii ina alama za mafuta kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, na kila alama ni siku ambayo Abdul alikula, alivaa sare, alisoma. Alipokuwa mdogo alikuwa ananisubiri mlangoni ananusa nguo zangu anakisia nimepika nini. Leo harufu ile ile anaifungia mlango! Kama ningekuwa nimekaa nyuma ya meza nikigonga mihuri, nisijue kutofautisha kidari na paja, angenitoa nje kwa fahari anishike mkono. Nani aliyewafundisha hivyo? Siyo sie.

Wiki tatu sikupokea simu yake. Salma alikuwa anakuja, tunakula, hatumtaji.

Jumapili ya wiki ya nne Abdul akaja mwenyewe. Kilo tatu za kidari kwenye mfuko, kaketi kwenye kochi langu la zamani kama mtu aliyekuja kuposa. Akanisalimia, nikaitikia. Akaulizia magoti, nikamwambia yapo. Mwisho ikamtoka.

"Mama, bosi anataka zile baga tena. Binti yake anaolewa, anaagwa mwezi ujao, anataka watu wale zile zile. Nikampigia Denis, kakataa. Kasema hajui kupika vile, na hatadanganya mara mbili."

Kwa hiyo hakuja kuniomba radhi. Alikuja kwa sababu ya shida. Nilikereka upya, na nikamwambia. Nilimwambia nilisikia yote dirishani, neno kwa neno. Akainamisha kichwa hadi nikaona mvi zake za kwanza. Akasema, "Mama, pale ofisini kila mtu mzazi wake alikuwa fulani. Niliogopa." Nikamjibu kwamba uoga naujua, lakini hata mie niliwahi kuogopa mbele ya mtu, na nilisema.

"Toa simu," nikamwambia. "Bosi wako umwambie aliyepika ni nani, na mama yako alikuwa anafanya kazi gani. Sasa hivi, mie nikisikia."

Akapiga, haikupokelewa, watu walikuwa kanisani. Nikamwambia mtumie sauti. Akasogeza simu mdomoni, akakohoa. "Bosi, habari za Jumapili. Samahani, siku ile nyumbani mama alisaidia saidia kidogo jikoni..."

"Futa," nikamwambia.

Akafuta. Akaanza tena. "Bosi, mama yangu ni mtaalamu wa muda mrefu katika sekta ya hoteli, upande wa mapishi..."

"Futa."

"Mama, sasa nisemeje?"

"Sema nilichokuwa nafanya."

Nje Mwajuma alikuwa anafagia, nikasikia fagio lake limesimama, anasikiliza. Abdul akabonyeza, na safari hii sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa mdogo akinikosea.

"Bosi, shikamoo. Baga ulizokula kwangu kapika mama yangu. Mama yangu alikuwa mpishi wa baga. Siku ile alikuwepo jikoni, mie ndiye niliyemficha. Nilikudanganya."

Akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Tukabaki tunautazama. Baada ya kitambo kile kimaiki kidogo cha pembeni kikageuka bluu.

"Kasikiliza," akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Hajajibu."

"Atajibu akijisikia," nikamwambia, nikanyanyuka kuelekea jikoni. "Njoo uoshe mikono, mpaka kwenye viwiko."